Mama Alisema Si Ndugu

Mama aliyeniongoza msituni, milimani juu ya mji mdogo wa Sake, hakuwahi kusoma, lakini ndiye aliyenionyesha kosa langu. Nilikuwa msaidizi wa chuo kimoja hapa Goma, kazi yangu kukusanya mimea na kuikausha kati ya magazeti. Siku hiyo nilichuma ua dogo la kivulini, nikaliandikia jina la mmea ninaoufahamu tangu masomoni. Mama aligeuza jani, akanionyesha manyoya mekundu mgongoni mwake.

"Hii haiko ndugu ya ile," alisema. "Ile tunawekaka ku kidonda. Hii inachoma."

Binti yake, aliyebeba mtoto mgongoni, alicheka. Profesa wangu naye alicheka nilipomweleza. Hata hivyo alikubali tutume Ulaya majani ya mimea yote miwili, kutoka mashina kadhaa, kwenye maabara wanakosoma ADN, chembe za urithi.

Kabla majibu hayajafika, vita vilifika Sake. Mama na binti yake wakakimbilia kambini Mugunga. Niliwaona huko mara moja, chini ya hema la plastiki, juu ya mawe ya volkano.

"Bazungu banasema nini juu ya ile majani yetu?" mama aliniuliza.

Nikamwambia tungoje. Nikawaachia unga na sabuni, nikarudi kwangu Keshero, mtaani Goma.

Kisha mji wa Goma ulichukuliwa na waasi. Chumba chetu cha mimea kikavunjwa. Makabati yakaibwa, mimea ikakanyagwa sakafuni hadi ikawa vumbi. Nilipiga magoti siku nzima nikichambua. Nilipata karatasi moja tu ya mmea ule wa manyoya mekundu ikiwa nzima, ina jani, ua na tunda.

Majibu yalikuja wiki kadhaa baadaye. Profesa alinifungulia mchoro kwenye kompyuta, mistari imegawanyika kama matawi, kila mmea kwenye tawi la jamaa zake. Sampuli zetu za manyoya mekundu zilikuwa pamoja, peke yao, mbali na mmea niliozifananisha nao.

Profesa alivua miwani. "Yule mama alisema kweli. Huu haujaandikwa popote."

Nilikwenda Mugunga kumwambia. Kambi ilikuwa imebomolewa, watu wameamriwa kurudi kwao. Binti nilimpata sokoni Kituku, kando ya ziwa, akiuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani.

"Mama alikufa mu kambi," alisema. "Kuhara. Siku mbili tu."

Nilimweleza majibu, nikamwomba ruhusa tuupe mmea jina la mama yake. Kwanza alifunika samaki wake.

"Usiandike jina yake. Batu batajua tulitoka wapi, batatufuata."

"Ni kitabu cha wasomi tu," nikamwambia.

"Batu bote banasomaka."

Tukaupa mmea jina la manyoya yake mekundu. Nilirudi juu ya Sake kuutafuta. Miti ilikuwa imekatwa kwa ajili ya mkaa, jua linapiga hadi ardhini. Nilitafuta mpaka jioni. Sikuona hata shina moja. Kwenye maelezo ya spishi kuna mahali pa kumtaja aliyeutambua mmea kwanza msituni. Pale pamesimama jina langu.