Mwanachama Aliyetua Juu ya Ndagala

Ndugu zangu, mnisamehe kwa ukimya wa miezi mingi. Leo nimeshindwa kunyamaza.

Mimi ni katibu wa Shirika la Warukaji wa Miavuli hapa Uvira. Waasisi wake waliruka kutoka ndege wakati wa uasi, miaka michache baada ya uhuru. Wote wamekwisha kufariki. Viti vyao tumevirithi sisi watoto wao, kama watu wanavyorithi shamba.

Juzi Bahati, fundi wa pikipiki wa mtaa wa Kimanga, aliruka kutoka ndege ya rafiki yake, akatua juu ya ndagala za Mama Zawadi, vile visamaki vya ziwani anavyouza, zilizoanikwa ufukweni.

Asubuhi ya leo kamati iliketi. Rais wetu alitangaza: "Bahati si mwanachama. Baba yake hakuruka. Shirika halihusiki."

Mama Zawadi, aliyekuja kudai fidia, akasimama.

"Weye prezida, ulisharuka?"

"Baba yangu aliruka."

"Basi umwite baba yako anirudishie ndagala zangu!"

Watu walicheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa naandika kumbukumbu.

Kisha Mama Zawadi akaniamuru nisome kanuni. Nikasoma kwa sauti: mwanachama ni mtu yeyote aliyeruka kutoka ndege kwa mwavuli.



Bahati, aliyeitwa kujieleza, akatutazama mmoja mmoja. "Kumbe nyote muko wageni wangu. Karibuni."

Mama Zawadi sasa amekalia kiti cha rais, na ametoa masharti mawili tuchague moja: tumrudishie ndagala zake sote pamoja, au rais aruke.

Rais ameomba muda wa kufikiri. Akishaamua, nitawaandikia.