Nilimlaza bata mzinga kwenye mursik ili kaka yangu akubali kulala nyumbani

Wakuu, salamu kutoka huku kwenye baridi. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na mkimaliza kusoma mtaona sina sababu ya kudanganya.

Naishi peke yangu kwenye boma letu upande wa Mogogosiek, katikati ya majani chai. Chuo nilimaliza, kazi haijapatikana. Tangu tumzike mama, hapa tulibaki mimi na bata mzinga wake mmoja. Huyo ndege alikuwa akijibu kila pikipiki inayopita. Ndiye nilikuwa naongea naye.

Kaka yangu mkubwa, Kipkirui, anakaa Nakuru na mke wake Joan. Tangu matanga hawajalala hapa hata mara moja. Wanakuja, wanaangalia kaburi, wanaenda.

Safari hii akapiga simu kwamba watakuja Jumamosi. Nikajiambia nikipika kitu cha maana, watalala. Nilitaka tu asubuhi moja niamke nisikie mtu mwingine akikohoa ndani ya nyumba.

Nilikuwa na kitabu cha mapishi cha mitumba, cha kutoka soko la Kericho. Picha ya bata mzinga humo inang'aa kama kabati lililopakwa vanishi. Recipe inasema umlaze usiku kucha kwenye buttermilk, nyama ilainike.

Sasa mimi ni mtu wa kuuliza kila kitu. Buttermilk ni nini? Nikagoogle: maziwa yaliyochacha. Si hiyo ndiyo mursik? Na kibuyu kilikuwa kimejaa. Ijumaa jioni nikamchinja yule ndege wa mama, nikammwagia yote.

Watu wa huku mshaanza kucheka. Kwa wengine: kibuyu cha mursik husuguliwa ndani kwa mkaa wa mti maalum, ndiyo maana maziwa yanakuwa ya kijivu na yana harufu ya moshi. Kwenye kikombe ni matamu sana. Kwenye ngozi ya ndege, wakuu, ni majivu.

Oven sina. Nilitumia sufuria kubwa, makaa chini na mengine juu ya kifuniko, kwa muda ule ule wa kitabu. Akatoka na rangi ya simiti. Nje mchungu, ndani mkavu.

Kipkirui akamwangalia pale mezani.

"Huyu alikufa na stress gani?"

"Ni recipe ya kitabu."

"Wewe unabishana hadi na mchungaji, halafu hii kitabu ukaiamini tu?"

Joan alicheka mpaka akashika meza. Na mimi nikacheka. Sijacheka hivyo mwaka huu wote.

Tukakula ugali na sukuma. Nikawaambia chumba cha nyuma nimekiosha, blanketi ziko.

Joan akamtazama mumewe.

"Kijana yetu," Kipkirui akasema polepole, "wacha tutoke kabla mvua haijaharibu barabara."

Wakatoka. Nyama ikaliwa na mbwa wa jirani, na hata yeye alifikiria kwanza.

Somo ni kwamba mursik ni ya kunywa, na aliyeandika kitabu hajui jiko lako. Nimeilaumu hiyo recipe wiki nzima.

Lakini leo nikichuna chai nimekumbuka kitu. Siku ile Kipkirui alipofika, kabla hata ya kunisalimia, aligeuza gari likaangalia geti.

Wenye ndugu wa mjini, nyinyi huwa mnawapikia nini wakalala?