Safari Zangu Zote za Tanzania

Nilijifunza kusoma nikiwa tayari mjane, kwa hiyo fomu ya viza ya kwenda Ujerumani kumwona mjukuu wangu wa kwanza niliijaza mwenyewe. Palipoulizwa kama nimewahi kusafiri nje ya nchi, niliandika kwa fahari: Tanzania, mara nyingi.

Tarehe nne mwezi uliopita, afisa wa viza aliifungua pasipoti yangu mpya.

“Mama, mbona haina muhuri hata mmoja?”

“Mwanangu, mimi ni wa Njukini. Mahindi yangu yakiisha, Tanzania inaanza. Tunapitia shambani.”

“Bila kibali?”

Nilidhani haniamini, nikamkabidhi daftari lenye tarehe za safari zote. Alipofika ukurasa wa tatu ndipo nilipong’amua kwamba nimejiandikia mashtaka, tena kwa mwandiko mzuri sana.