Visagio vya Jino la Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alivunjika gego kwa kijiwe kilichojificha kwenye maharage, na habari hiyo ilinifikia kama zinavyonifikia habari zake zote: kupitia mke wangu. Nimeoa miaka kumi na miwili sasa. Katika miaka yote hiyo mimi na mama huyu hatujawahi kupeana mkono, kukaa chumba kimoja wala kusalimiana ana kwa ana. Si kwamba tumegombana. Ni heshima ya Kikurya, na kwa huyu wa kwangu, kule Itiryo, heshima maana yake ni kwamba nikiingia uani kwa mbele, yeye anatokea mlango wa nyuma. Wengi siku hizi wamelegeza. Yeye hajalegeza hata kidogo.

Tatizo ni kwamba mimi ni daktari wa meno. Nina kliniki ndogo Tarime mjini, na kazi ninayoipenda kuliko zote ni kulisaga jino lililovunjika hadi likae vizuri, kisha kulivika kofia ngumu ili mtu aendelee kulitafunia.

"Mama anasema aling'oe tu yaishe," mke wangu aliniambia.

"Mwambie asithubutu!" Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Magego ya kushoto mama alikwisha kuyang'oa zamani. Hilo la kulia ndilo pekee lililobaki la kutafunia, na lilikuwa hai: likiguswa na maji baridi, anaruka. Likiondoka hilo, mama anabaki na uji.

"Sasa nani atalitengeneza?" mke wangu akauliza.

Bahati nzuri, nilikuwa na daktari mwenzangu, dada mmoja aliyekuwa na miezi michache tu kazini kwangu. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu nilipokuwa na umri wake, ingawa sikuwahi kumwambia. Ujumbe ukapelekwa Itiryo, jibu likarudi: mama anakubali kutibiwa na huyo dada, ila mimi nisionekane chumbani.

"Na mimi nifanye nini?"

Mke wangu alijitahidi asicheke. "Mama anasema unaweza kuandaa vyombo."

Kuandaa vyombo! Pamoja na kofia zote nilizowahi kuzivika, leo nimekuwa mpanga vyombo. Nilinuna siku mbili nzima.

Vyombo vyenyewe vinavyohusika ni vijiti vya chuma, vyembamba kuliko njiti ya kiberiti, ambavyo vichwa vyao vimegandishwa punje za almasi. Sisi tunaviita visagio. Kimoja kinapachikwa kwenye mashine, kinazunguka kwa kasi huku kikirushiwa maji, na punje zile zinalila jino. Vipo vya kila umbo, na mstari wa rangi shingoni unakueleza ukali wake: cha kijani kinakwaruza sana, cha buluu ni cha kawaida, chekundu ni laini, cha kumalizia. Nilikuwa na droo imejaa. Nikavuta vinne nilivyovizoea, nikavipanga, nikaona kazi imekwisha.

Jioni mke wangu akaja na swali kutoka kwa mama yake.

"Mama anauliza hayo mawe yako unayachonga lini."

"Mawe gani?"

"Ya kusagia jino. Anasema jiwe lake la ulezi likishakuwa laini, unga unatoka wa moto na mkono unauma, kwa sababu unalazimika kukandamiza. Inabidi aligongegonge likwaruze tena. Sasa anauliza la kwako."

"Mwambie almasi haichongwi," nilimjibu kwa kiburi. "Hiyo si jiwe la ulezi."

Lakini maneno yale hayakuniacha. Asubuhi, kabla wagonjwa hawajafika, nilivaa miwani ya kukuzia nikashika kisagio changu nilichokipenda kuliko vyote. Nikakigeuza kwenye mwanga. Ncha yake ilikuwa kipara. Si kuchakaa kidogo. Ni kipara cha kung'aa, chuma kitupu, na almasi zimebaki shingoni tu kama nywele za mzee. Nikachukua cha pili. Kipara. Nikamwaga droo nzima juu ya karatasi nyeupe nikaanza kutenga, na lile fungu la vibovu likawa linakua mbele ya macho yangu hadi nikaona aibu kama mtu aliyefumaniwa.

Vilikuwa bado vinazunguka, ndiyo maana sikuviacha. Kisagio hakikatiki wala hakipigi kelele kikichoka. Kinapunguza kasi ya kula kidogo kidogo, na mkono wako unaongeza nguvu kidogo kidogo, na unaona kama jino la huyu leo ni gumu. Nguvu ile inaleta joto, na joto likifika ndani linaua uhai wa jino. Nilimkumbuka mwalimu mmoja wa Susuni. Nilimvika kofia nzuri sana, akarudi baada ya miezi amevimba shavu. Nilimwambia meno mengine ndivyo yalivyo. Uongo. Nilikuwa nimelisaga jino lake kwa jiwe lisilochongwa, na mwanamke ambaye hajawahi kukanyaga kliniki yangu ndiye aliyenifumbua macho. Iliniuma sana.

Nikaagiza vipya Mwanza. Vilipofika nilivichagua kama mtu anayechagua ng'ombe wa mahari. Kwanza nilimuuliza mke wangu, "Mama akifungua mdomo, vidole vyake vingapi vinaingia kwa kusimama?" Akampigia simu. Viwili, na kwa shida. Basi nikaacha vile virefu, nikachukua vyenye shingo fupi, maana huko nyuma kabisa kirefu kingegonga meno ya juu. Nikachagua kinene cha buluu chenye ncha ya mviringo kwa ajili ya kuta za jino. Cha kijani nikakirudisha, kwa jino hai nisingethubutu. Nikachukua chembamba kama sindano cha kulitenga na jirani yake bila kumkwaruza, chenye umbo la yai kwa ajili ya juu pa kutafunia, na chekundu cha kumalizia. Vinne. Kila kimoja nilikipitisha chini ya miwani, kisha vyote vikaingia kwenye mashine ya mvuke ya kuua vijidudu.

Siku ilipofika nilikaa nyuma ya pazia, kwenye chumba cha pili, mikono mapajani. Nilimsikia mama akisalimiana na dada daktari, kisha sindano ya ganzi, kisha mashine. Mtu wa kazi hii anaijua sauti. Mashine ikikandamizwa inanguruma kwa sauti nzito. Ile ilibaki juu, nyepesi, ikigusa na kuachia, ikigusa na kuachia. Mara mbili nilisimama kutaka kuingia na mara mbili nikakaa. Nikagundua kwamba sikuwa na la kumwongezea yule dada. Nilichokuwa nacho cha kumpa mama kilikuwa tayari mkononi mwa dada huyo.

Kipimo cha jino kilipelekwa Mwanza kutengenezewa kofia, mama akaondoka na kofia ya muda. Wiki tatu nilihesabu siku, nikimuuliza mke wangu kila asubuhi kama shavu limevimba, hadi akanikataza.

Siku ya kuvika kofia yenyewe nilikuwa tena nyuma ya pazia. Safari hii hakukuwa na ganzi. Dada daktari alitoa ile ya muda, akasema, "Mama, nakupulizia maji kidogo. Ukisikia chochote uniambie."

Kama mama asingesikia kitu, basi jino limekufa, na nimerudia kosa la Susuni kwenye kinywa cha mama wa mke wangu.

"Uwii! Baridi!"

Nilifunika uso kwa viganja vyote viwili. Machozi yalinitoka, sioni sababu ya kuficha.

Kofia ikavikwa. Nikasikia mama akiuma karatasi ya kupimia, akiuma tena, akishuka kwenye kiti. Nyayo zake zikaja upande wangu zikasimama. Nikaona vidole vya miguu yake chini ya pazia, kwenye kandambili za bluu, hatua mbili tu kutoka kwangu. Sikuthubutu kusogea.

"Wewe pazia," mama akasema. "Mwambie aliyechagua mawe kwamba yalikuwa yamechongwa vizuri."

Miaka kumi na miwili.

"Pazia," nikasema, "mwambie mama, shikamoo."



"Marahaba," akajibu, na kandambili zikaelekea mlangoni.