Mama mkwe aliniambia nibaki na cherehani yangu, nikabaki: nilivyojua nina usonji ukubwani

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari za mihangaiko.

Hii siyo chai. Imenikuta mimi mwenyewe na mume wangu amekubali niiandike.

Mimi ni fundi cherehani hapa Lukozi, juu ya Lushoto. Kwetu ni Bungu, nimeolewa Vuga. Mshambaa kwa Mshambaa, kwa hiyo asije mtu kusema tatizo lilikuwa lugha.

Tangu utotoni nachukua maneno kama yalivyo. Darasani mwalimu aliwahi kuniambia, "Endelea tu kuongea, sisi tunakusikiliza wewe." Nikaendelea. Nilichapwa, na mpaka kengele inalia sikujua kosa langu.

Methali hazinisumbui. Nilizikariri shuleni kama msamiati. Mafumbo ya wazee nayo, nikishaelezwa mara moja, basi.

Kinachonishinda ni kejeli. Methali ina sura yake, ikija unaijua. Kejeli inavaa nguo za maneno ya kawaida, kinachobadilika ni sauti, na mimi sauti siisomi.

(Naona nami nimetumia fumbo hapo. Ndiyo, tunayatumia pia, msishangae.)

Turudi kwenye tukio.

Bibi wa mume wangu, yaani mama yake mama mkwe, alizidiwa. Mume wangu akatangulia Vuga. Kesho yake asubuhi mama mkwe akanipigia kwamba bibi amefariki na wanazika siku inayofuata.

Mezani nilikuwa na sare za wanafunzi, shule zinakaribia kufunguliwa. Nikamuuliza nije leo hii, au nimalizie sare kwanza nije kesho mapema? Kwangu lilikuwa swali la ratiba tu.

Akasema, "Wewe baki na cherehani yako, mwanangu. Sisi tutazika, tumezoea."

Nikauliza, "Kweli, mama?"

"Kweli kabisa. Na Mungu aibariki kazi yako."

Nikamshukuru. Nikabaki.

Wakuu, nilitamani sana kwenda. Yule bibi nilimpenda. Nikienda kwao alikuwa ananishika mkono tunakaa jikoni bila kuongea, wala hakuwahi kuniuliza mbona nimenyamaza. Nilishona huku nalia, nafumua na kurudia. Jirani alipouliza mbona sijaenda msibani, nikamwambia mama mkwe ameniambia nibaki. Akanitazama, akaenda zake.

Mume wangu simu yake ilikuwa imezima. Kule yeye alidhani niko njiani.

Baada ya mazishi alikuja kunichukua. Njia nzima, toka Lukozi mpaka Soni na kupanda Vuga, hakusema kitu. Nikadhani ni majonzi.

Kumbe kulikuwa na kikao.

Sebuleni walikaa wazee wa ukoo, mama mkwe, na wifi yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye ni mwalimu Tanga na anafundisha watoto wenye mahitaji maalumu. Mjomba wa mume wangu ndiye aliyeongoza. Nikasalimia shikamoo, wachache wakaitikia.

Mjomba akaniuliza najiona nani.

Nikamjibu, "Najiona mke wa mpwa wako."

Lilikuwa jibu la kweli kabisa. Lakini niliona nyuso zinabadilika, na sikujua kwa nini. Mzee mmoja akaanza kusema nirudishwe Bungu nikafundwe upya. Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa.

Ndipo mama mkwe akasema kwa upole, "Kama umeshindwa kumzika mama yangu, basi na mimi usinizike."

Nikasema, "Sawa, mama."

Naomba mnielewe. Nilidhani ananiachia wosia, na wosia wa mzazi haubishiwi.

Watu waliguna. Mjomba akainuka. Mimi nilijua tu kwamba ndoa yangu inavunjika na sijui nimevunja nini.

Wifi ndiye aliyeomba kuongea. Akaniuliza taratibu mama aliniambia nini kwenye simu, neno kwa neno.

Kukumbuka maneno ninaweza. Nikayasema yote kama yalivyotoka, na lile la Mungu aibariki kazi yako.

Wifi akamgeukia mama yake, akamuuliza kama ndivyo alivyosema. Mama mkwe akakubali kwamba ndivyo.

"Na wewe ulielewaje?" wifi akaniuliza.

"Nilielewa nibaki."

Mama mkwe akanikazia macho muda mrefu. Halafu akawaambia wale wazee maneno ambayo sitayasahau:

"Huyu hakutudharau. Huyu alinitii."

Kikao kikaishia hapo.

Kesho yake alinipeleka mwenyewe kaburini. Kulikuwa na ukungu na udongo ulikuwa bado mbichi. Akaniambia lile la kutomzika amelifuta, siku yake ikifika niende, na anamaanisha niende. Nikalia, naye akalia. Ilikuwa mara ya kwanza nalia mbele ya mtu bila aibu.

Wifi akashauri nikaonane na mtaalamu. Tukasafiri mpaka hospitali kubwa, mama yangu mzazi akaja kueleza utoto wangu. Baada ya maswali mengi daktari akasema nina usonji, yaani autism. Mimi nilidhani usonji ni wa watoto wadogo wasioongea. Akanieleza kwamba watu wenye usonji hatufanani, wapo wanaoshika kejeli vizuri tu, na wapo kama mimi.

Wakuu, nilishusha pumzi niliyoibana miaka yote. Kumbe siyo jeuri. Siyo ujinga.

Tukiwa njiani mume wangu akaniuliza, "Kwa hiyo nikikasirika nikakwambia fanya unavyotaka, wewe huwa...?"

"Nafanya ninavyotaka."

Alicheka mpaka akafuta machozi. Siku hizi akikasirika anasema, "Nimekasirika." Imetupunguzia stress nyingi.

Nilichojifunza: kama una mtu anayejibu maswali yako kama yalivyo, kabla hujamwita jeuri muulize ameelewa nini. Na wewe mwenzangu wa aina yangu, usiishie kuuliza "kweli?" maana mwenye kejeli atakujibu kweli. Uliza, "Nikija utafurahi au utachukia?" Hapo mtu anasema ukweli.

Juzi mama mkwe kanipigia. Akasema, "Nimekukumbuka. Njoo tule makande. Nimemaliza." Akakata simu.

Sikuwa na la kutafsiri. Nikafunga duka, nikaenda.

Wenye ndugu kama mimi, mnaongea nao vipi? Nasoma comment zote. Ila ukinitania, tafadhali andika kwamba unatania.