Wageni wa Chewa

Mama alipomaliza eda ya baba nilimchukua Kengeja nikamleta kwangu Chake Chake. Hakuwa akisema na mtu. Aliyezungumza naye ni chewa wangu tu, samaki ninayemfuga sebuleni kwenye tangi la kioo la maji ya bahari. Humwamkia asubuhi, humlisha kamba kwa mkono. Basi chewa naye akapata chawa! Akawa anajikuna kwenye mawe, chakula hataki, na mama naye sahani yake akaisukuma. Niliogopa, wallahi. Niliona akifa huyu, namkosa na mama.

Kaka yangu akaniletea kutoka Dar visamaki wawili, urefu wa kidole, weusi, na mstari wa buluu unaong'aa ubavuni. Kazi yao kula chawa kwenye miili ya wenzao. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," mama akasema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akatia udi kwenye chetezo, akawafukizia wageni wake.

Mie niko jikoni nasikia harufu, nafurahi. Kumbe pampu ya hewa iko pale pale nyuma ya tangi, inavuta moshi wote na kuupuliza majini! Nilipotoka, samaki wako juu wanatweta.

"Mama! Toa chetezo nje!"

Nikafungua madirisha, pampu nikaitoa barazani ivute hewa safi, mpira wake nikaupitisha dirishani hadi tangini, nikabadilisha nusu ya maji kwa yale ya akiba. Mama amekaa chini, mkono kinywani. "Nimewaua mie," akasema.

Hawakufa. Na wale wadogo, masalale, sijaona viumbe wenye moyo ule! Maji hayajatulia, mmoja keshamkalia chewa shavuni, anamdonoa. Chewa akapanua kinywa kinachoweza kummeza bila kutafuna, naye akaingia. Mama akanikamata mkono. Yule akafanya kazi yake mle ndani kwa raha zake, akatoka salama, na chewa katulia tuli. Mie kwa daktari wa meno sijapata kutulia hivyo.

Wakamsafisha hivyo kila siku, hata asubuhi moja chewa akachukua kamba mkononi mwa mama. Mama akacheka, kisha akafuta macho kwa upindo wa kanga.

"Huyu keshapona," akasema. "Na mimi, mwanangu, nimechoka kulia. Nipakulie."