Nyumba Katikati ya Ekari Kumi

Chumba chetu cha Tunduma kilikuwa na kuta nne, na hakuna hata mmoja uliokuwa wetu peke yetu. Upande huu fundi viatu anakohoa, upande ule mama mmoja mpangaji na redio yake, nyuma banda la kuku la mwenye nyumba, mbele korido ya kwenda chooni, vyumba vinane vyote vinapita hapo. Ukikaanga dagaa unaulizwa umepata wapi dagaa. Usipopika unaulizwa pia.

Mimi sikujali. Mdomo ninao. Shule niliishia la saba, mengine nimejisomea kwenye magazeti yaliyofungiwa vitumbua, kwa hiyo ukinianza unapata jibu, tena lenye maneno ambayo hujawahi kuyasikia. Lakini dada yangu siyo mimi. Dada ndiye aliyenilea tangu mama afariki, kwa cherehani moja aliyoiweka kibarazani, na katika miaka yote ile sikumsikia akibishana na mtu. Mambo yake yote alikuwa anampelekea Mungu, alfajiri, kapiga magoti, mdomo karibu na mto ili sauti isitoke.

Sauti ikatoka. Asubuhi moja tumepanga foleni ya ndoo bombani, yule mama wa redio akaanza kuyarudia maneno ya dada, neno kwa neno, kwa sauti ya kulia ya kuigiza. Akamaliza:

"Mungu akusikie, jirani. Sisi wa chumba cha pili tumeshasikia!"

Foleni nzima ikacheka. Nikaipiga teke ndoo yake ikaenda mpaka barabarani, chini ya lori la Wazambia. Nikasema niliyosema. Mwenye nyumba akaitisha kikao, nikayarudia yote bila kupunguza hata moja.

Wiki hiyohiyo dada akapanda gari akashuka Msangano, kijijini kule bondeni, akarudi siku ya tatu, vumbi mpaka magotini.

"Nimeomba shamba kijijini. Wamenipa ekari kumi."

"Za kulima nini?"

"Za kukaa. Kulima tutalima, lakini kwanza nikae mahali ambapo nikiongea na Mungu, anayesikia ni yeye tu."

Nilitaka kumwambia tutakufa kwa upweke huko. Nikamwangalia usoni nikanyamaza, na mimi kunyamaza siyo jambo dogo.

Kijiji kilikuwa na sharti lake. Kimechoka na watu wa mjini wanaochukua ardhi halafu wanaiacha pori. Mvua ya kwanza ikinyesha, mtendaji wa kijiji anapita. Akikuta nyumba na moshi, shamba ni lako. Asipokuta, linarudi kijijini apewe mwingine. Dada alikuwa na sare za wanafunzi za kumalizia, kwa hiyo nikatangulia mimi kujenga. Nikajiona mwanaume.

Sasa nielewe vizuri. Mimi nimekulia Tunduma. Tunduma ukiacha hatua mbili za kiwanja chako bila kujenga, kesho unakuta kibanda cha vocha, na mwenye kibanda anakuuliza wewe unatafuta nini. Mtu anajenga mpaka mwisho wa mpaka, tena mlango unaangalia njia ili uone nani anakuja kukumega. Kwa hiyo nilipofika kwenye zile ekari kumi nikaenda moja kwa moja kwenye kona, kwenye mpaka kabisa, kando ya njia ya kwenda mtoni. Nikachimba mashimo, nikasimamisha miti, nikafunga fito, nikakandika udongo, nikaezeka nyasi. Dirisha kwenye njia. Wiki tatu mikono imechubuka, nikasimama naiangalia naona raha.

Dada alipofika akaizunguka nyumba. "Nzuri, mdogo wangu," akasema.

Alfajiri yake akapiga magoti, akafungua mdomo, kwa mara ya kwanza sauti ya mtu mzima. Hajamaliza hata sentensi ya pili, dirishani sauti zikaita:

"Hodi, mama mgeni! Mmeamkaje? Sisi ndiyo tunakwenda maji!"

Dada akawajibu salamu, akarudi chini, akamalizia kwa kunong'ona. Kule kunong'ona kwake kuliniuma kuliko kicheko cha bombani, maana safari hii ukuta nilikuwa nimeujenga mimi.

Kosa langu sikuliona. Nikaona kosa la wapita njia. Nikachukua panga, nikakata miiba, nikaiziba njia. Haikuchukua muda akaja jirani yetu, mama mmoja wa Kisukuma ambaye watu wake walihamia bonde lile na mifugo yao, anaswaga ng'ombe kama kumi na tano. Akasimama mbele ya miiba.

"Nani kapanda hii?"

"Mimi! Pitisha ng'ombe wako kwingine, hapa wanaishi watu!"

"Njia hii ng'ombe wangu wameipita wewe hujaota meno."

"Na leo mwisho! Ng'ombe wenyewe kwanza wanakohoa kama malori!"

Niliongeza na mengine, siyaandiki. Alinisikiliza mpaka pumzi ikaniishia. Kisha akaitazama nyumba, akalitazama shamba lilivyolala wazi mpaka kule miti inakoanzia, akaanza kucheka, akashika kiuno.

"Kijana wangu, umepewa ekari kumi ukajibanza kwenye kona kama mpangaji anayemwogopa mwenye nyumba! Njia imekufuata wewe, au wewe umeifuata njia?"

Nikageuka ili dada yangu anitetee, nikamkuta naye anacheka. Anacheka mpaka anafuta machozi kwa kanga. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu Tunduma.

Akaacha kucheka, akaanza kutembea kuingia ndani ya shamba. Akaenda, akaenda, akawa mdogo. Alipofika katikati, penye kichuguu, akasimama akanigeukia. Naona mdomo unacheza, naona mkono unapepea, lakini sauti hakuna.

"Unasemaje?" nikapiga kelele.

Hakunisikia na yeye. Akainua mikono yote miwili juu. Hapo ndipo nikaelewa.

Tatizo ni mawingu. Yalikuwa yameshaanza kupanda upande wa Rukwa. Kubomoa siku moja, kuhamisha miti yote ile kwa bega, kuchimba upya, kukandika upya, na nyumba yenyewe nimeijenga wiki tatu. Nikamwambia dada tubaki tu pale kwenye kona mpaka mvua iishe, shamba lisije likaenda. Akasema, "Nikishazoea kunong'ona hapa, sitahama tena."

Nikaiondoa miiba njiani, nikaenda kwa yule mama wa Kisukuma. Mimi. Nikamkuta anakamua. Alikuwa na ng'ombe wa kukokota na tela. Nikasema samahani.

"Mimi hukunitukana sana," akasema bila kuinua kichwa. "Uliowatukana ni wale pale. Waombe wenyewe."

Nikadhani ni utani. Haukuwa utani, au ulikuwa, lakini alikaa anasubiri. Nikasimama mbele ya maksai wawili wenye pembe kama milango, nikasema, "Wazee wangu, nisameheni, hamkohoi." Watu wa boma zima wakaanguka kwa kicheko. Kesho yake asubuhi tela likawa limesimama kwetu.

Na yule mama hakuja peke yake. Wanyamwanga wa upande wa pili, ambao nilikuwa nimewazibia njia ya maji, walikuja na nyasi vichwani. Dada akapika uji wa ulezi na maharage, sufuria mbili. Wanaume wanachimba, wanawake wanakanyaga udongo, mimi nabeba na kubebeshwa maneno: "Mpe mpangaji mti huo!" "Mpangaji, kaza!" Nikawa najibu, wananirudishia, na hakuna aliyekasirika, hata mimi. Siku ya nne tukafunga kilele cha paa. Ya tano mvua ikanyesha, moshi wa dada unatoka kwenye nyasi mbichi.

Mtendaji alifika mchana. Alipiga hodi kutoka njiani mpaka akachoka, hatukumsikia. Ikabidi aingie matope yote yale kwa miguu. Alipofika mlangoni viatu vyake havikuwa viatu tena.

"Nyie watu," akasema, "mnaishi mbali na nani?"

Akaandika, akanywa uji, akaondoka.

Alfajiri iliyofuata niliamka kabla ya dada. Nikachukua ndoo, nikaenda mpaka kwenye kona ya zamani, nikakaa juu ya kifusi cha udongo kati ya mashimo yangu. Kwa mbali naiona nyumba, mlango uko wazi. Simsikii. Kile anachokiomba mimi nakijua, kuta za Tunduma zilinipa na mimi bila kuniuliza, na hakuna atakayekipata kutoka kwangu.

Yule mama akapita na ng'ombe wake.

"Mpangaji, umerudi kwenye kona?"

"Namsubiri dada amalize."

"Amalize nini?"

"Pita, mama," nikamwambia. "Njia si ndiyo hiyo, iko wazi."